Muulize Fundi: Kisu cha 1095 kimeletwa feki?

*Shikamoo fundi. Mimi napara samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam. Shemeji yangu baharia aliniletea kisu kutoka Marekani, kimepigwa namba 1095 karibu na mpini. Wiki ya kwanza kilinyoa hadi vinyweleo vya mkono. Kikaanza kushika kutu, nikampa kijana mmoja wa grenda akinoe. Kikarudi na rangi ya bluu kwenye makali, na tangu hapo hakimalizi hata ndoo moja ya vibua kabla hakijawa butu. Juzi nakibandulia kichwa cha jodari, ncha ikakatika, ta! Wenzangu wanacheka, wanasema shemeji kauziwa feki. Ni kweli?*
Mparaji, Feri

Marahaba. Shemeji hana kosa, kisu ni halali. Makosa mawili kati ya hayo matatu ni ya mikono yenu.

Tuanze na namba. Ile 10 ya mwanzo inasema ni chuma cha kaboni tupu, hakikuongezewa madini mengine ya maana. 95 ni kaboni yenyewe: asilimia 0.95, ingawa inaruhusiwa kucheza kati ya 0.90 na 1.03. Kwa hiyo kilo nzima ya chuma hicho ina kaboni yenye uzito kama wa vijiko viwili vya chai vya sukari. Nondo ya kujengea ina robo ya hapo hivi.

Lakini kaboni bila moto haifanyi kitu. Kisu hupashwa hadi kwenye digrii 800. Sisi tusio na vipimo hutumia sumaku: chuma kikifika 770 sumaku inakiachia, unaongeza moto kidogo tu, basi. Kisha unakizamisha kwenye mafuta mepesi, na hapo 1095 hakina subira. Ukichelewa sekunde moja hivi kukipoza, kinabaki laini. Ukikiwahi, kinatoka na ugumu wa 65 kwa kipimo cha Rockwell, sawa na tupa, na kinavunjika kama glasi.

Hilo nililijua kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, Dar, nikiwa kijana. Nilifua kisu kutokana na tupa kuukuu, nikakizamisha, nikapangusa masizi na kuanza kuwaringishia wenzangu. Kikaniponyoka kwenye sakafu ya saruji. Vipande viwili. Pale kilipokatika chembe zilikuwa nene kama sukari, maana yake moto nao nilikuwa nimeuzidisha. Mzee aliyekuwa akinifundisha alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijakirudisha motoni: baada ya kuzamishwa, kisu hupashwa tena kwa digrii 200 hivi, saa moja au mbili, ugumu ushuke hadi 60 na kipate uvumilivu kidogo. Ukikipashia hewani, chuma kilichosuguliwa kikang'aa huanza kuvaa manjano hafifu, kama nyasi kavu.

Ukiendelea kukipasha, manjano inakwenda kahawia, inakuja zambarau, halafu bluu. Bluu ni kwenye digrii 300. Sasa umeona kijana wa grenda alichokufanyia? Makali ni membamba kama karatasi, yanafika huko kabla hajainua mkono, na ugumu wake haurudi kwa kupoa. Bahati yako kilichoungua ni ule ukingo tu. Chukua jiwe la kunolea, maji yasikauke juu yake, usugue ile bluu mpaka iishe, kisha milimita moja zaidi. Mtu akikwambia akichome upya kwenye jiko la mkaa, mkatalie.

Ncha ni kosa lako. Chuma chenye ugumu wa 60 kinakubali kukata, kupindwa hakitaki. Kichwa cha jodari kina panga lake, na panga limeachwa laini zaidi kwa makusudi. Likizidiwa linajikunja, unalinyoosha kwa nyundo maisha yanaendelea. Chonga ncha mpya kwa kula upande wa mgongo, usiguse makali.

Kuhusu kutu, chuma hakiitwi stenlesi mpaka kiwe na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Chako hakina, na hapo Feri hewa yenyewe ina chumvi. Madoa ya kijivu ya samaki na ndimu yaache, hayana ubaya. Ukiona wekundu, usugue siku hiyo hiyo. Jioni kioshe kwa maji baridi, kikaushe kwa kitambaa, kipake mafuta ya nazi. Asubuhi za Julai yakiganda, weka chupa juani. Na usikilaze ndani ya ndoo ya barafu mchana kutwa. Nawajua ninyi.

*Fundi, springi ya nyuma ya kirikuu changu imekatika bamba moja. Naweza kuchomelea?*
Dereva, Mbagala

Hapana. Chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, inayotosha kabisa kukuumbua. Ukichomelea, chuma baridi cha pembeni kinanyonya joto kwa ghafla kama yale mafuta ya kuzamishia, na ukanda ule unageuka kisu changu cha Gerezani. Itakatika tena, tena pembeni kidogo ya ulipochomelea, na huenda ukiwa umebeba mzigo. Nunua bamba jingine. Hilo lililokatika usiwauzie watu wa chuma chakavu, niletee mimi. Linatoa panga zuri sana.