Kabla ya Kuhesabu Protoni, Hesabu Chaji

Wanafunzi wengi wanaoanza kusoma jinsi bakteria wanavyodhibiti pH ya ndani huja na maelezo mepesi: asidi ikizidi, bakteria husukuma protoni (ioni za hidrojeni) nje, na besi ikizidi, huziingiza ndani. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatakusaidia kusoma matokeo yako mwenyewe, kwa sababu hayakuhesabu umeme.

Chukua Escherichia coli, ambaye huenda ndiye utakayeanza naye. Mazingira yawe na pH ya 5 au ya 9, ndani ya seli pH hubaki karibu na 7.6. Ukipiga hesabu utaona kwamba seli yenye ujazo wa mikromita moja ya ujazo, kwa pH hiyo, ina protoni huru zipatazo 15 tu. Nyingine, mamilioni kwa mamilioni, zimeshikwa na protini na fosfati, na ni hizo zinazopaswa kuhama kwa wingi ili pH ibadilike kwa kiasi kinachopimika. Lakini kila protoni inayotoka huiacha seli na upungufu wa chaji chanya moja, na muda si mrefu volteji ya utando (tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli) huwa kubwa kiasi cha kuizuia inayofuata. Ndiyo maana seli inayotaka kupandisha pH yake huingiza potasiamu huku mnyororo wa upumuaji, yaani protini za utando zinazochoma chakula na kusukuma protoni, ukizitoa protoni.

Mwanabiokemia Peter Mitchell, aliyetoa nadharia yake ya jinsi protoni zinavyoendesha kazi za seli mwaka 1961 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978, aliziunganisha volteji na tofauti ya pH katika nguvu moja. Kizio kimoja cha pH ni sawa na milivolti 59 hivi katika nyuzijoto 25 za Selsiasi. Kariri namba hiyo, maana bila yake huwezi kuielewa NhaA, protini ya utando inayotoa ioni moja ya sodiamu na kuingiza protoni mbili. Nje kukiwa na pH ya 9 na ndani 7.6, tofauti ya pH inazivuta protoni kwenda nje kwa nguvu ya milivolti 83 hivi. Zinaingiaje basi? Kwa kila mzunguko chaji chanya moja ya ziada huingia, na ndani ya seli ni hasi, kwa hiyo volteji ndiyo inayoendesha kazi. Kama ubadilishanaji ungekuwa wa sodiamu moja kwa protoni moja, volteji isingesaidia chochote.

Ukishaelewa hilo, chunga sodiamu yako. Mchuzi wa LB wa kawaida, ambao ni chakula cha kukuzia bakteria, hutiwa hadi gramu 10 za chumvi katika kila lita, na wengi hurekebisha pH kwa hidroksidi ya sodiamu bila kufikiri, kisha wanashangaa kwamba jaribio la "bila sodiamu" limetoa jibu lile lile. Tumia kloridi ya potasiamu na hidroksidi ya potasiamu, na ujue kwamba hata hapo masalia ya sodiamu hayakosekani.

Jaribio ninalolipendekeza kwa anayeanza ni la vilengelenge vya utando (vifuko vidogo vilivyotengenezwa kwa utando wa seli) vilivyopinduliwa, ambapo upande wa ndani wa seli umegeuzwa kuwa wa nje. Weka rangi ya akridini, ambayo hung'aa, kisha ongeza laktati iwe chakula cha upumuaji: upumuaji huingiza protoni kwenye vilengelenge, rangi hujikusanya humo, na mstari wa mng'ao kwenye skrini huporomoka. Subiri utulie. Sasa tia kloridi ya sodiamu. NhaA ikiwa hai, protoni hutoka na mstari hupanda. Rudia kwa pH ya 7 na ya 8.5, maana NhaA huzubaa katika pH ya chini na kuchangamka sana katika pH ya juu. Mwishoni tia kloridi ya amonia ili tofauti yote ya pH ifutike, vinginevyo hutajua kupanda ulikokuona ni sehemu gani ya jumla.

Wanaofanya kazi na bakteria wa maziwa ya magadi, kama Ziwa Magadi lenyewe au Ziwa Natron, wana tatizo la ziada: maji yenye pH ya 10 hivi na sodiamu nyingi huifanya elektrodi ya kioo ya kawaida isome chini ya pH halisi. Tafuteni elektrodi iliyotengenezwa kwa sodiamu nyingi, na muisawazishe kwa bafa (miyeyusho ya pH inayojulikana) za 7 na 10, wala si za 4 na 7 zilizozoeleka.