Kutuma pawa benki kwa ndege kutoka Dubai

Ndugu, umeuliza kama katoni ya pawa benki kutoka Dubai kuja Dar itapita ikiandikwa "vifaa vya simu". Nakuomba usithubutu. Betri ya lithiamu iliyo ndani ya pawa benki ikipata shoti inaweza kuwaka yenyewe, na moto wake ni mgumu kuuzima angani.

Pawa benki huhesabiwa kama betri inayosafirishwa peke yake, bila kifaa: namba yake ya Umoja wa Mataifa ni UN3480, bidhaa hatari daraja la 9. Tangu Aprili 2016 hazipakiwi kama shehena kwenye ndege ya abiria. Hupanda ndege ya mizigo tu, chaji isizidi asilimia 30. Kabla hujalipa, mdai muuzaji muhtasari wa majaribio ya UN 38.3, yaani vipimo vya usalama wa betri za lithiamu vya Umoja wa Mataifa. Akianza kuzungushazungusha maneno, achana naye. Wakala wa kusafirisha mzigo naye awe na mtu aliyesomea bidhaa hatari.