Baraza la Mwalimu: Watoto wasome nyumbani?

*Mwalimu mstaafu anajibu barua za wasomaji wa Lindi na Mtwara*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani. Wa kike ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Wa kiume ana 6, yuko awali. Huwa naona kwenye simu familia za Marekani zinazosomesha watoto nyumbani: asubuhi vitabu, mchana bustani, siku nyingine wanakwenda kuangalia mambo ya kale. Binti yangu darasani wamejazana, anarudi amechoka na ukimuuliza alichosoma anakutolea macho tu. Niliwahi kufundisha watoto wadogo, naamini naweza. Mume wangu hana neno. Mama mkwe ndiye anayesema nataka kuwafundisha watoto utoro. Niwatoe shule?

Marahaba mwanangu. Usiwatoe. Na kwa hili mama mkwe ana haki, ingawa najua hutapenda kumsomea jibu langu.

Hao unaowaona kwenye simu hawavunji sheria ya kwao. Marekani kusomesha mtoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake. Kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akifika miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria. Ukimweka binti nyumbani, mtendaji wa kata atakugongea mlango, na hatakuja kukupongeza kwa bustani. Tena kuna upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza. Mtoto anasajiliwa kupitia shule yake, hasajiliwi kupitia jikoni kwa mama yake.

Lakini hukukosea uliposema darasa limejaa. Nimefundisha madarasa ya namna hiyo hadi nikastaafu. Mwalimu anasahihisha madaftari mpaka kichwa kinamuuma, na yule mtoto mpole anayekaa nyuma anamaliza muhula hajaulizwa swali hata moja. Hapo ndipo wewe unaingia. Una vitu ambavyo mwalimu wake hana: watoto wawili tu wa kuwatazama, jioni zote, Jumamosi, na likizo ya Juni na ya Desemba. Mwaka ni mrefu, mwanangu.

Ninachokuomba ni kimoja: usitundike ubao sebuleni. Mtoto aliyetoka shule saa nane akakutana na shule nyingine nyumbani atakuchukia wewe na kitabu chako. Binti akusomee kwa sauti nusu saa, hadithi anayoitaka mwenyewe, na wewe usishike kalamu nyekundu. Akikosea neno liache lipite, ulirudie baadaye katika mazungumzo. Hayo yanatosha kwa upande wa kitabu.

Mengine yako nje ya mlango wako. Mnakaa kando ya ghuba, basi mpe daftari la bahari. Kila siku aandike saa ambayo maji yamekupwa kabisa. Baada ya siku chache ataona mwenyewe kwamba kila siku yanachelewa, kama dakika 50 hivi. Mwache aumize kichwa. Usimwambie sababu, mwambie aanze kuchora na mwezi pembeni ya saa. Ukifika mwezi mpevu atakuta maji yamekwenda mbali hadi ngalawa zimelala ubavu, na siku mwezi haupo kabisa, vilevile. Hilo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayarudi sana. Hayo ni maji mafu, na mvuvi yeyote hapo Mikindani atamweleza kwa nini siku hizo hapotezi muda na nyavu fulani. Hapo amesoma hesabu ya saa, jiografia na sayansi, na miguu imelowa. Yule wa miaka 6 atakuwa anaokota kaa. Mvalishe ndala, miamba ina miiba, na viti vya pweza, wale viumbe wa bahari wenye umbo la nyota, atakavyoviokota avirudishe majini akishavitazama.

Kama mna mikorosho, basi hesabu mmeletewa mlangoni. Korosho hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Wape kamba waipime mita 12, waweke alama, waende shambani wakaone babu yao alipanda kwa kamba au kwa macho. Halafu muulize binti: ekari moja ina mita za mraba 4,047, kila mkorosho unachukua 144, je, ekari inabeba miti mingapi? Jibu ni 28, lakini asilipate kwako. Msimu wa mauzo ukifika, mpe stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika asome kilo, bei na makato, ahesabu kilichobaki. Nimeona watu wazima wanaotia saini karatasi hiyo bila kuifanyia hesabu hiyo.

Wa kiume mwakani aandikishwe darasa la kwanza bila kuchelewa. Na mama mkwe umpe kazi. Bibi wa Kimakonde anayejua ming'oko, vile viazi vya porini, inachimbwaje na kupikwaje ni mwalimu asiyedai mshahara, na ukimpa darasa hatasema tena habari za utoro.

Mwalimu, niko Tandahimba, nina watoto wanne. Nataka likizo hii ya Juni wajifunze bustani badala ya kuzurura, lakini mvua imekwisha na maji tunanunua kwa dumu. Udongo wetu ni mchanga, ukimwaga maji yanazama papo hapo. Kuna njia, au nisubiri Desemba? — Baba wa wanne

Kusubiri Desemba ni kuwasubirisha watoto wawe wakubwa. Njia ipo, ni kiroba.

Tafuta kiroba kikubwa cha nafaka kisichotoboka, kokoto, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na udongo wa juu, ule wa chini ya mti. Changanya udongo na samadi, nusu kwa nusu si dhambi kwa mchanga wenu. Chukua kopo la maziwa au la rangi, likate chini na juu libaki bomba. Lisimamishe katikati ya kiroba, ulijaze kokoto, kisha watoto wajaze udongo kulizunguka mpaka kopo lifunikwe karibu lote. Sasa livute juu taratibu: kokoto zinabaki zimesimama katikati, kopo linakuja mkononi. Lijaze tena, udongo tena, vuta tena, mpaka kiroba kijae. Mkimaliza, katikati kuna nguzo ya mawe kutoka juu hadi chini, na maji mnamwaga juu ya mawe tu. Yanashuka na kusambaa pembeni, hayakimbii. Mtoto wa tatu ndiye mpe kopo, maana wakubwa watagombania jembe na mdogo atakula udongo.

Toboa matundu ubavuni kwa kisu, wewe mwenyewe, si wao. Matunduni pandikeni matembele, vipande vya shina tu, hayahitaji mbegu. Juu sieni mchicha. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, watoto wataimwaga mahali pamoja. Ichanganyeni na mchanga mkavu kwenye sahani kwanza ndipo wanyunyize. Funikeni kwa majani makavu mpaka iote. Mwagilieni asubuhi na jioni kwa maji mliyooshea mboga au mchele, ya sabuni hapana. Wiki ya tatu au ya nne mnachuma. Likizo itakuwa haijaisha, na hiyo ndiyo sababu nakupa mchicha, sikupi bilinganya.

Kila mtoto awe na upande wake wa kiroba. Asiyemwagilia upande wake ukanyauka, usimsaidie usiku kwa siri. Baba wengi mna huruma za namna hiyo.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Juni ndiyo mwanzo wa kupulizia salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mtoto asifuate bomba shambani, asibebe mfuko wa salfa, na mboga za bustani zikae mbali na mikorosho inayopuliziwa. Na msimu wa korosho ukianza, wasichome wala kupasua korosho mbichi peke yao. Mafuta ya lile ganda yanababua ngozi.

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Lindi mjini. Wajukuu zangu wanatoka Dar mwezi wa sita, wakubwa wana miaka 12 na 10. Shuleni wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili lakini wanasema historia yote ilitokea Dar na Bagamoyo. Nataka niwatoe ushamba. Nimesikia habari za mijusi ya Tendaguru, zile dinosaria za kale. Niwapeleke huko, au Kilwa? — Bibi

Dada yangu, umenifurahisha. Ushamba wa mtoto wa mjini ndio mgumu kuliko wote.

Tendaguru usiwapeleke, au usianze nayo. Ni mbali ndani huko, njia si rafiki kwa magoti yetu, na wakifika watakuta kilima na msitu. Mifupa haipo. Iko Berlin. Lakini kisa chake mnacho hapo hapo mjini kwenu, ufukweni. Mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru mifupa ya wanyama walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Hakukuwa na reli wala gari. Kila mfupa ulifungwa ukabebwa na wapagazi, kichwani au kwa mti begani, siku kadhaa za kutembea mpaka bandari ya Lindi, ukapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na jina hilo wajukuu waliandike kwenye daftari kabla ya jina la Mjerumani yeyote. Mjusi mkubwa aliunganishwa Berlin mwaka 1937, na amesimama kwa urefu wa zaidi ya mita 13.

Sasa fanya hivi. Nendeni ufukweni jioni na kamba ya mita 13. Ilazeni mchangani. Mmoja asimame mwanzo, mwingine mwisho, wewe ukae katikati kwenye kiti chako. Halafu waulize mzigo huo ulipita wapi, nani aliubeba, na je, urudishwe? Usiwape jibu la swali la mwisho. Mimi nina jibu langu lakini nikiliandika hapa mhariri atalikata.

Kilwa ndiyo safari yenyewe. Pandeni basi la Dar, mshuke Nangurukuru, kisha gari la Kilwa Masoko. Lalani hapo. Asubuhi chukueni kibali cha kuingia magofuni hapo hapo Masoko, mpate na mtu wa kuwaongoza, mvuke mapema kabla kusi halijachafua bahari. Msipande mashua isiyo na maboya ya kuvaa, hata nahodha akicheka. Kisiwani hapo Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko, alifika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake, wakati Dar ya wajukuu zako haijafikiriwa na mtu. Waonyeshe Msikiti Mkuu, wapitishe mkono kwenye kuta waone kwamba ni mawe ya matumbawe na chokaa, yaani bahari hiyo hiyo waliyovuka. Waonyeshe Husuni Kubwa, jumba la sultani, na lile birika lake la pembe nane. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, Australia. Zilifikaje? Mpaka leo watu wanabishana. Mtoto wa miaka 12 akipewa swali ambalo wakubwa hawajalimaliza, hapati usingizi.

Mkipata nguvu, mkirudi piteni Kilwa Kivinje. Hapo ndipo Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa nao mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji kuanza huko huko milima ya Wamatumbi. Hapo simulia wewe, taratibu, usimwachie kijana wa bodaboda.

Simu zikae kwenye begi lako. Kila mjukuu achore kitu kimoja tu kwa siku, akikaa chini kivulini, hata kama mchoro unafanana na kibanda cha kuku. Mtoto akipiga picha mia hajaona kitu.

Mwalimu, mdogo wangu ana miaka 11 na mimi ndiye mlezi wake hapa Masasi. Kutwa anacheza rede na kombolela, jioni ndiyo namwona. Majirani wanasema nimchape. Unasemaje? — Kaka mtu

Majirani wawachape wa kwao. Mtoto wa miaka 11 anayekimbia kutwa ana afya, mshukuru Mungu. Mpangie saa ya kurudi: giza likianza kuingia awe ameshaoga. Akichelewa, kesho yake hatoki, na wewe usilegee. Akishakula, mwambie akufundishe sheria za hiyo rede yao, aziandike kwenye ukurasa mmoja, halafu uzichezeshe vibaya makusudi. Utaona atakavyokusahihisha, tena kwa sentensi ndefu.

Barua ya msomaji wa Ruangwa kuhusu kuku wanaokula miche nimeipata. Nitaijibu toleo lijalo, maana kuku na bustani ni kesi, si swali.