Wasomaji Wanauliza: Je, Chowig Alikufa kwa Sababu Alitaja Jina Lake?

SWALI: Mpendwa Mhariri, mwanangu wa darasa la sita anasoma riwaya ya Scott O'Dell iitwayo Island of the Blue Dolphins. Amefika pale ambapo mtemi Chowig anauawa ufukweni, na watu wake wanasema ameponzwa na kumtajia mgeni jina lake la siri. Mwanangu ananiuliza kama hiyo ndiyo sababu ya kweli, nami sina jibu. Pia nina wasiwasi kwamba kifo hicho ni kizito mno kwa mtoto. Mama, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Ahsante, Mama. Msimulizi wa riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 1960, ni Karana, binti wa Chowig, ambaye mwanzoni mwa hadithi ana umri wa miaka 12, na kila tunachokijua kuhusu kifo cha mtemi tunakipata kupitia macho yake. Kwa watu wa Ghalas-at, kijiji cha Karana kisiwani, kila mtu ana majina mawili, na lile la siri halitamkwi ovyo, kwa sababu likitumiwa mno hupoteza nguvu zake. Chowig alimtajia Nahodha Orlov, Mrusi aliyefika na meli yake, jina hilo siku ya kwanza walipokutana, na kwa hiyo, anapolala amekufa huku mawimbi yakimfikia, Karana anaamini papo hapo kwamba hilo ndilo lililomdhoofisha, na kijiji kizima kinakubaliana naye.

Hata hivyo, mwandishi ametuonyesha pia mambo ambayo waombolezaji hawayataji. Orlov alikuja na wawindaji wa Kialeuti, wenyeji wa visiwa vya kaskazini huko Alaska, kuwinda fisi-maji wa baharini kwa ajili ya ngozi zao, akataka mafungu mawili yawe yake na moja la wenyeji. Chowig akashikilia kwamba wagawane sawasawa. Uwindaji ulipokwisha, malipo yaliyoletwa hayakulingana na makubaliano, mzozo ukazuka, na mzinga wa meli ukafyatuliwa dhidi ya watu wenye mikuki. Kwa maoni yangu, Chowig aliuawa na biashara ya dhuluma. Imani ya jina la siri inaeleza jinsi waliobaki walivyoweza kuubeba msiba huo, na sioni sababu ya kuidharau, maana mtu aliyefiwa hutafuta sababu iliyo karibu naye kuliko bei ya ngozi katika masoko asiyoyajua.

Ushahidi mzuri zaidi uko mbele kidogo katika kitabu. Miaka kadhaa baadaye, Karana akiwa peke yake kisiwani, Waaleuti wanarudi, na msichana wao Tutok anampa urafiki. Mwanzoni Karana anajitambulisha kwa jina la kawaida, lakini baadaye anamfunulia lile la siri, ingawa Tutok ni wa kabila la waliomuua baba yake. Mwombe mwanao aisome sura hiyo kisha amuulize Karana, kimoyomoyo, kama bado anaamini alivyoamini siku ile ufukweni.

Kifo hicho pia ndicho kinachoiendesha hadithi nzima. Wanaume wengi wamekufa, wanawake wanalazimika kushika kazi za wanaume, na mtemi mpya, Kimki, anaondoka kwa mtumbwi kwenda kutafuta nchi nyingine. Bila hayo meli ya kuwahamisha isingekuja, wala Karana asingeachwa. Kisa chenyewe kimetokana na mwanamke halisi aliyebaki katika kisiwa cha San Nicolas, California, kuanzia mwaka 1835 hadi 1853.

Kuhusu uzito, mtoto wa darasa la sita anaweza kuustahimili, kwani O'Dell haoneshi damu nyingi. Lakini ujiandae kwa jambo jingine: Ramo, mdogo wake Karana mwenye miaka 6, atajitangaza kuwa mtemi mahali pa baba yake, na muda mfupi baadaye atauawa na mbwa mwitu. Kifo hicho, nadhani, kitamwumiza mwanao kuliko cha Chowig, hivyo siku atakapoikaribia sura hiyo, kaa naye asome.