Mchoro ambao ningehamia: wavunaji wa Bruegel

Ndugu uliyeuliza, swali lako linasomeka kwa haraka lakini limenikalia moyoni kwa siku kadhaa: kama mtu angeruhusiwa kuhamia ndani ya mchoro mmoja na kuishi humo, angechagua upi, na kwa sababu gani? Jibu langu ni Wavunaji, mchoro ambao Pieter Bruegel, mchoraji wa kale wa Ulaya, aliuchora mwaka 1565 kwa rangi za mafuta juu ya mbao, na ambao tangu mwaka 1919 umo katika jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York.

Niliishi Bronx, sehemu ya jiji hilo la New York, kwa miaka minne nikihudumia wazee majumbani mwao, na karibu wakati wote huo nilikuwa zamu ya usiku. Nilirudi asubuhi watu wengine wakienda kazini, nikalala mchana nyuma ya mapazia mazito, peke yangu, huku magari yakipita chini ya dirisha. Siku za mapumziko nilikwenda Metropolitan, kwa kuwa mkazi wa jimbo la New York huruhusiwa kulipa kiingilio kwa kadiri ya uwezo wake, na kwa kuwa humo mlikuwa na joto na mahali pa kukaa. Sikwenda kama mjuzi wa sanaa, nilikwenda kama mtu anayetafuta mahali pa kutulia.

Ukiniuliza mwaka wa kwanza ningekutajia mayungiyungi ya Claude Monet, mchoraji Mfaransa, ile michoro mipana ya bwawa lake la Giverny, ambayo mmojawapo niliuona katika jumba jingine la jiji hilohilo. Ni mzuri mno. Lakini nilipokaa mbele yake kwa muda nilitambua kwamba hauna ukingo wala ardhi, ni maji na mwanga tu kutoka pembe hadi pembe, na mtu akiingia humo hana pa kukanyaga. Nilifikiria pia kazi za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za madukani, zile zinazopakwa kwenye baiskeli na nyumba. Nazipenda tangu utotoni, lakini mara nyingi mnyama au ndege mmoja ameujaza ubao wote, na huo ni ulimwengu wake yeye. Mimi ningekuwa mgeni asiyekaribishwa. Kwa hiyo nikaacha kuuliza mchoro upi ni mzuri zaidi, nikaanza kuuliza: miguu yangu itakanyaga wapi, nitafanya kazi gani asubuhi, na nani atanipa chakula?

Kwa Bruegel maswali hayo yote yana majibu. Ngano imesimama upande wa kushoto kama ukuta wa rangi ya dhahabu, na wanaume wanaikata huku mtungi wa kinywaji umewekwa kivulini ili usipate jua. Mtu anapanda kutoka kwenye kijia kilichokatwa katikati ya shamba, amebeba mitungi mingine. Wanawake wanateremka na miganda, ndege wawili wanaruka juu ya masuke, mkokoteni uliojaa unakwenda zake bondeni, na mbali kabisa kuna ghuba yenye meli. Chini ya mpea, wenzao wameketi juu ya miganda wakila mkate na kitu cha majimaji kwenye mabakuli. Hakuna hata mmoja anayemtazama mtazamaji, na hilo ndilo lililonivuta kwanza, kwa sababu watu walio nyumbani hawakai kama waliojipanga kupigwa picha.

Mimi ni mtoto wa Kyela, na mpunga wetu huvunwa kwa mundu. Tulipokuwa wadogo kazi yetu ilikuwa kuamia ndege kuanzia alfajiri, na mpunga ulipoiva tulibeba miganda hadi kwenye turubai la kupigia. Mama alileta ndizi zilizopikwa na maharage, pamoja na togwa kwenye ndoo yenye mfuniko, tukala chini ya mwembe. Nilipoona lile bakuli la kinywaji likiinuliwa kwa mikono miwili, nilijua uzito wake.

Hata hivyo, kilichonifanya niamue ni yule mtu aliyelala. Yuko karibu na shina la mti, amejinyoosha chali, miguu ameitanua, na kinywa kiko wazi. Wenzake wanakula hatua chache kutoka hapo, wengine bado wanakata, na hakuna anayemwamsha wala kumkemea. Baba yangu mdogo alilala vivyo hivyo chini ya mwembe wetu, na sisi watoto tuliambiwa tusipite karibu na kichwa chake. Mtu aliyelala mchana kwa miaka minne akiwa peke yake anajua thamani ya kulala katikati ya watu wake, katika sauti zao, akiwa na uhakika kwamba zamu yake ya kukata itakapofika ataguswa bega kwa upole.

Sijidanganyi kuhusu wakati ule. Mchoro huu ni mmoja wa mfululizo wa misimu ya mwaka, ambao michoro yake mitano imesalia, na aliyeuagiza ni Niclaes Jongelinck, mfanyabiashara tajiri wa Antwerp, kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa makali sana. Mwaka uliofuata, 1566, sanamu za makanisani zilivunjwa katika nchi za huko, Ubelgiji na Uholanzi za leo, na mwaka 1567 jeshi la Uhispania likaingia chini ya kamanda wake, Duke wa Alba, na watu wengi wakauawa. Hata ndani ya mchoro wenyewe, ukitazama sehemu yake ya mbali, kuna watu wanaocheza kwa kumrushia vijiti ndege aliyefungwa. Hayo nayaona, na mchezo huo nisingeushiriki. Lakini swali lilikuwa kuhusu mchoro, na mchoro umesimama kwenye wakati mmoja tu, mchana wa mavuno.

Kama ningeingia, ningepita kwanza upande wa kulia, kule ambako mtu amepanda mtufaa anautikisa na wengine wanaokota yaliyoanguka. Ningejaza kofia. Kisha ningewapelekea wale wanaokula, nikae kwenye mganda ulio karibu na yule aliyelala, na nisimpite kichwani.