Kiwanja chini ya mlima: majanga hayapigiwi wastani

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nataka kununua kiwanja chini ya Mlima Hanang upande wa Katesh, sehemu tambarare nzuri karibu na korongo. Kuna mtu nimemlipa akanifanyia tathmini ya majanga: mafuriko 2 kati ya 5, tetemeko 2, maporomoko ya udongo 3. Akapiga wastani ikaja 2.3, akaandika "salama kwa makazi". Je, nijenge?

JIBU: Hapana kaka, kwa karatasi hiyo usijenge hata banda la kuku.

Karatasi za hivi naletewa kila mara, na nikifika kwenye huo mstari wa wastani naishiwa nguvu. Wastani wa nini sasa? Ukimpeleka mtoto hospitali ana malaria kali lakini macho yake mazima na meno yake mazima, daktari anajumlisha anagawa kwa tatu anakwambia mtoto hajambo? Ile 3 ya maporomoko ikija haitaangalia tetemeko lilipewa ngapi.

Na hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba huyo jamaa kayachukulia majanga kama wapangaji watatu wasiojuana, kila mmoja na chumba chake, wakati haya mambo yanaitana. Tarehe 3 Desemba 2023 hapo hapo Katesh mvua zilikuwa zimeloweka miamba laini iliyochakaa kule juu mlimani, kipande kikameguka, kikaingia kwenye mkondo wa mto kikachanganyika na maji, kikazoa mawe na magogo, kikashuka mpaka kwenye makazi kikiwa tope zito na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengine wakavumisha volkano imelipuka, haikuwa volkano. Sasa niambie, yale yalikuwa mafuriko au maporomoko? Kwenye jedwali la mtu wako yangeingia mstari gani?

Tetemeko nalo vilevile. Huko ni Bonde la Ufa, ardhi haijalala. Julai 2007 kule karibu na Ziwa Natron yalipiga matetemeko mfululizo, kubwa lao likiwa na ukubwa wa 5.9, mpaka Nairobi watu walitikiswa, na Septemba volkano ya huko huko, Oldoinyo Lengai, ikaanza kulipuka. Mtikisiko wa kawaida tu kwenye mteremko mkavu wa Agosti unaweza ukapita vyombo vikagongana kabatini basi, mtikisiko huo huo Aprili udongo ukiwa umeshiba maji ni habari nyingine kabisa, kwa hiyo ile 2 yake ni ya mwezi gani? Hajaandika. Hajui hata kama inatakiwa aandike.

Halafu hiyo tambarare unayoisifia. Mdomoni mwa korongo, mlima unapoishia, mara nyingi ardhi inakuwa tambarare na yenye rutuba kwa sababu tope la zamani ndilo lililoitandaza pale. Nenda kwenye kingo za korongo mahali palipokatika uangalie ukuta wa udongo. Mto wa kawaida unapanga vitu vyake, mchanga tabaka lake na kokoto tabaka lake, lakini ukikuta mawe makubwa kama ng'ombe yamening'inia katikati ya udongo laini bila mpangilio wowote, hapo tope limeshapita na njia yake linaijua. Dalali atakwambia "hapa haijawahi kutokea", yeye ana miaka mingapi hapo? Mlima una mingapi?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawa watu wa majedwali wakishakupa namba wanakupa na dawa, kila janga na dawa yake peke yake. Mafuriko? Inua nyumba juu ya nguzo, chini acha wazi. Sawa, ila hizo nguzo nyembamba zisizo na kuta ndizo zinazovunjika mwanzo tetemeko likipiga. Mteremko? Kata mlima upate usawa, yaani unaondoa mguu uliokuwa unashikilia udongo wa juu, halafu unachimba shimo la choo upande wa juu linyweshe mteremko mwaka mzima. Tuta nalo watu wanaliona ni kinga tu. Mai Mahiu kule Kenya, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, mto unapita chini ya tuta la reli, takataka za mvua zikaziba njia ya maji, maji yakajaa nyuma ya tuta kama bwawa ambalo hakuna aliyelijenga, yalipopasua yakashukia watu usingizini.

Kwa hiyo mtu akija na apu ya simu au droni akakupa namba moja bila kupanda korongo, bila kuuliza wazee, bila kukuchorea kipi kinaweza kuamsha kipi, mlipe chai aende zake. Tafuta mjiolojia apande mpaka juu.

Na kama una ndugu wanaoishi hapo tayari, waambie hili leo: mvua inanyesha kwa nguvu halafu mto unapungua ghafla, maana yake umezibwa juu huko. Wasiende kuchungulia. Watoke pembeni mbali na mkondo, wapande kwenye muinuko, godoro waliache.