Ngisi wa ukutani: mwache kamba azame

Mkuu, umesema unavua ngisi kwenye ukuta wa bahari, unarusha toka magharibi mpaka usiku mkubwa, umeshabadilisha kamba wa plastiki (chambo bandia chenye umbo la kamba wa baharini na miiba mkiani) wa kila rangi, na unachovuta ni majani ya baharini tu. Rangi iweke pembeni kwanza. Ngisi haoni rangi kama sisi, anaona mwanga na kivuli. Mimi giza likiwa zito nafunga mwekundu au mweusi, mchana maji yakiwa meupe nafunga wa kahawia, basi.

Tatizo lako liko pale uliposema "navuta taratibu bila kusimama". Hivyo utampata kolekole, ngisi utamsikia kwa wenzako. Ngisi huvutiwa na kamba anayeruka, ila humdaka anapozama. Rusha, mwache afike karibu na chini, nyanyua fimbo kwa nguvu mara mbili tatu, halafu tulia. Kamba namba 3, yule wa kama sentimita 9, wa kawaida huzama mita moja kwa sekunde tatu au nne. Penye kina cha mita tano, hesabu mpaka kumi na tano. Uzi ukilegea ujue ameshagusa chini. Mrusho unaofuata punguza hesabu kidogo, na hayo majani hutayaona tena.

Wakati anazama, macho yawe kwenye uzi, maana ngisi hagongi kama samaki. Uzi husimama kabla ya hesabu kuisha, au huanza kwenda upande. Ukinyanyua unasikia uzito wa kitambaa kilicholowa. Hapo usikurupuke! Mara nyingi ameshika kwa ile mikono miwili mirefu tu, si ile minane mifupi, na ukivuta kwa pupa inakatika. Zungusha rili mwendo mmoja, uzi usilegee hata kidogo, kwa sababu ile miiba ya kamba haina kibanzi cha kumzuia asichomoke kama ndoana.

Kuhusu mahali: kabla hujarusha, mulika chini unaposimama. Ukiona madoa meusi ya wino kwenye saruji au mawe, hasa mabichi, hapo watu wamepandisha ngisi. Penye taa, usitupe katikati ya mwanga. Dagaa wanacheza kwenye mwanga, ngisi anawavizia mpakani, kwenye giza.

Maji nayapenda yakiwa yanajaa, saa mbili za mwisho. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, sipendi sana: pwani yetu maji hupanda na kushuka hata karibu mita nne, mkondo unamburuta kamba na hesabu yako yote inaharibika. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, hayana hamasa, lakini unajua kamba wako yuko wapi. Upepo wa kusi ukivuma, upande wa mashariki usijisumbue, maji yamevurugika. Subiri upepo utulie.

Ukinasa majani yenye vifuko vyeupe kama vidole, hayo ni mayai yao. Yarudishe polepole, kisha uhame. Ngisi hawa huishi mwaka mmoja hivi au pungufu, ukivua juu ya mayai unakula mtaji wa mwakani.

Mwisho, akifika karibu mwache ateme maji na wino akiwa bado baharini. Ukimpandisha, mgeuzie tumbo upande usio na mtu. Ijumaa jioni ukutani wanapita wazee na kanzu nyeupe, na wino ule hautoki kirahisi kwa sabuni.